Mzee Mumba Hakohoi Mbele ya Munganga

Ulimwona. Usiniambie hukumwona. Ulipita mbele ya dispanseri ya mtaa wa Kenya ukienda sokoni, na yeye alikuwa ameketi kwenye benchi la saruji pamoja na wazee wenzake, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni katika joto la Oktoba, kitambaa kimekunjwa ndani ya ngumi. Alikohoa, akafuta mdomo, akatazama kitambaa, akakificha haraka. Na wewe ukageuza shingo, ukajifanya unatafuta mtu upande wa pili wa barabara. Hapakuwa na mtu upande wa pili wa barabara.

Utasema hiyo ni habari ya zamani, ya wakati wa Wabelgiji, mji ulipoitwa Elisabethville na weusi wakakaa upande wao na wazungu upande wao. Sawa, mji ulibadilishwa jina. Benchi halikubadilishwa. Pita kesho asubuhi uone nani ameketi pale. Lakini leo keti wewe, usikie.

Mzee Alphonse Mumba alitoboa mawe katika mgodi mpaka mgodi ukamchoka. Kisha akahamia kwa mwanawe Godefroid, fundi wa karakana ya reli, katika nyumba ya vyumba viwili mtaani Kenya. Humo walikuwamo Virginie, mke wa Godefroid, na mtoto wao Bijou, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa bado yale ya maziwa. Bijou alilala mkeka mmoja na babu yake, kwa sababu babu na mjukuu hawaoneani haya. Virginie na mzee walioneana haya, kama desturi inavyotaka. Mukamwana, mke wa mwana, hamtazami baba mkwe usoni, hakai naye chumba kimoja, wala hataji kitu kinachotoka katika mwili wake. Alimpikia, akaweka sahani mlangoni, akagonga ukuta, akaondoka.

Sasa jua jambo hili kuhusu watu wa rika la Mumba. Kwao munganga, daktari wa kizungu, hakuwa mtu wa kuponya. Munganga alikuwa mtu wa kuchagua. Siku ya kuandikishwa kazi walipangwa uchi katika mstari, muzungu akagonga vifua vyao kama mtu anayenunua vyungu, na kila kifua kilicholia vibaya kikarudishwa kijijini. Mwaka uliofuata ikawa vile vile, na mwaka uliofuata tena. Mumba alijifunza. Usiku wa kuamkia siku ya munganga alikunywa maji ya moto na asali. Alfajiri alikwenda nyuma ya vyoo kukohoa kila kilichokuwa tayari kutoka. Mbele ya munganga alisimama kifua mbele, akapumua kidogokidogo kama mtu anayekunywa chai ya moto, akasema neno moja: ngufu iko, yaani nguvu ninazo. Ujanja huo ulimlisha maisha yake yote. Sasa ndio uliokuwa unamuua.

Na alikuwa na sababu ya kuogopa. Mweusi asiye na kazi hakukaa mjini bila karatasi ya ruhusa, na mzee aliyeonekana mzigo alipandishwa lori la barabara ya Kasomeno, aende kwao. Kwao Kasomeno nyumba ilikuwa imeanguka, na aliowajua walikuwa chini ya ardhi.

*

Wazee wa mtaa waliitwa dispanseri kupimwa kwa zamu. Mara ya kwanza Mumba alipoingia kwa munganga wa pale, mambo yalikwisha kabla benchi halijapoa. Munganga, muzungu wa miwani, aliandika bila kuinua kichwa. Kati yao alisimama Liévin, infirmier, yaani muuguzi, mtu wetu mweusi wa koti jeupe, aliyegeuza maneno ya mgonjwa kuwa Kifaransa na ya munganga kuwa Kiswahili. Liévin aliuliza shida ni nini. Mzee akajibu shida haina. Je, anakohoa? Ni vumbi tu. Liévin akageuza yote hayo kwa maneno mawili, munganga akaweka mpira wake wa kusikilizia kifuani, mzee akapumua ile pumzi yake ya chai ya moto, akapewa chupa ya dawa tamu na kuonyeshwa mlango.

Jioni alimwambia Godefroid kwa sauti ya mtu aliyeshinda karata, "Nilimupita."

Godefroid alifurahi. Naye alikuwa na sababu zake. Alikuwa ameomba nyumba ya matofali katika mtaa mpya, na wakaguzi walikuwa wanapita nyumbani kwake kutazama kama anaishi kama mtu aliyestaarabika. Walifunua vyungu wakanusa. Waliinua shuka ya kitanda cha ndoa mbele ya Virginie, wakaiangalia, wakaiachia ianguke. Nyumba yenye mgonjwa wa kifua ingepewa jina gani na watu kama hao? Kwa hiyo baba aliposema mzima, mwana aliamini haraka kuliko inavyofaa.

Nyuma ya ukuta wa jikoni, Virginie hakufurahi. Alikuwa ameona kuku.

Mzee alikuwa na mahali pake nyuma ya tuta la mboga za lengalenga. Alitema pale, akafunika kwa majivu, akakanyaga. Lakini kuku hawana adabu. Walifukua. Virginie alitoka na ungo wa mahindi mkononi akakuta majivu mekundu, na jogoo anachagua ndani yake. Alisimama pale mpaka mahindi yakamwagika. Amwambie nani? Mzee mwenyewe hawezi kumwambia. Akamwambia mumewe.

"Baba Bijou, kuku banafukua damu."

Godefroid akasema labda ni ya panya.

"Panya gani anatemea mu majivu, kisha anafunika?"

"Baba alimwambia munganga iko muzima," Godefroid alisema. "Unataka nimuite muongo mbele ya muzungu? Ao unataka fazi yake ya kulala, ule mukeka?"

Neno hilo la mwisho lilipita katika ukuta. Mzee alilisikia upande wa pili, akalihifadhi. Tangu usiku ule alikula akichunguza chakula kwanza. Alijiambia, mukamwana anaulizia habari za munganga, mukamwana anataka mkeka, mukamwana ndiye atakayeliita lori. Godefroid naye alimtazama mke wake kwa pembeni, na mke akamtazama yeye, akijiuliza ni tangu lini anajua na kunyamaza. Nyumba ya vyumba viwili, na kila mtu humo akawa anasikiliza mlango wa mwenzake.

Kisha Bijou akaanza kukohoa. Mwanzoni walicheka, walidhani anamuiga babu. Kilikuwa kikohozi kile kile, kidogo, chenye kituo pale pale. Virginie ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza.

*

Alichukua kuku mmoja, akamfunga miguu, akaenda kwa Liévin kwa mlango wa nyuma. Alimweleza yote: damu, majivu, mtoto. Amwombee neno kwa munganga. Liévin alimsikiliza akinawa mikono. Akasema yeye hugeuza maneno ya mgonjwa, si ya mukamwana wa mgonjwa, na kama kila nyumba ikileta maneno yake kwa mlango wa nyuma, mlango wa mbele utakuwa wa nini.

"Munganga anauliza neno moja," alisema, "muzee anajibu na kijiji muzima. Anaanzia kwa ndoto, anapita kwa lufu, kifo ya kaka yake. Bantu wamejaa pale inje. Basi miye ninakata."

"Na kama neno ya maana iko ndani ya ile unakata?"

Liévin alifikiri, na hapo ndipo aliposema kitu chake cha kweli.

"Basi aitangulize."

Virginie aliuliza wagonjwa wa kifua wanapelekwa wapi. Hospitali. Na kisha? Liévin akafuta mikono yake kidole kimoja kimoja, akasema hiyo hajui. Alivyosema hajui, Virginie hakumwamini. Kuku hakurudi nyumbani.

Njiani alifikiri. Yeye haruhusiwi kuingia mahali ambapo baba mkwe amevua shati. Godefroid hataki. Mzee mwenyewe atasema ngufu iko mpaka siku ya jeneza. Anatakiwa mtu ambaye mzee hawezi kumkasirikia, hata amvue nguo sokoni. Akageuza miguu kuelekea soko la Kenya.

Kule aliuza samaki wakavu mwanamke mmoja aliyeitwa Mwansa, mjane mnene wa maneno makali, aliyekwenda mwenyewe kwa wavuvi wa Kasenga kuchukua mali yake. Mwansa alikuwa wa ukoo wa Mbuzi. Mzee Mumba alikuwa wa ukoo wa Chui. Tangu wazee wa wazee, koo hizo mbili zinataniana: Mbuzi anamtukana Chui mbele ya watu, anamvua kofia, anamwita maiti, na Chui hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika, aibu ni yake. Ruhusa yake ni kucheka na kurudisha tusi. Na siku Chui anapokufa, Mbuzi ndiye anayechimba na kuzika, akitania mpaka kaburini.

Lakini hata Mwansa, alipokwisha kuelezwa yote, alishuku. Alimpima Virginie kutoka kitambaa cha kichwa mpaka vidole vya miguu.

"Na weye, mwana, unapata nini mule ndani? Mukeka?"

Virginie alimteremsha Bijou kutoka mgongoni, akamsimamisha mbele ya samaki. Mtoto akakohoa. Mwansa aliacha kupanga samaki.

Basi wakakaa nyuma ya meza na kutengeneza maneno, kama watu wanaofunga mzigo wa safari ndefu. Lipi litangulie? Damu. Likifuata? Jasho la usiku, linalolowesha mkeka hata wakati wa baridi. Kisha mkanda wa suruali, ambao mzee alikuwa anautoboa matundu mapya kwa msumari. Kisha mtoto. Hakuna ndoto, hakuna kaka. Na wakimaliza, Mwansa hainuki mpaka infirmier arudilie yote muzungu aliyosema, si kipande.

*

Siku ya munganga ilipofika tena, mzee alikwenda amekunywa asali yake na kumaliza kukohoa kwake nyuma ya vyoo. Alipoketi kwenye benchi, samaki walinuka kabla hajaona mtu.

"Nani alikutuma, Mbuzi?" aliuliza.

"Njaa," Mwansa alisema, akijibana kando yake. "Nilisikia kuko Chui moja anaoza. Nilikuya kuchagua ngozi ya kulalia."

Benchi lote likacheka, wagonjwa na wazima. Mzee alitabasamu kwa midomo iliyofungwa. Kifua chake kilikuwa kimepangwa vizuri, hakutaka kukigusa. Lakini jina lake lilipoitwa, Mwansa naye akasimama, na mzee akamtazama kwa jicho la mtu aliyeona mtego.

Liévin aliweka mkono mlangoni. Mgonjwa ni mmoja, alisema, na huyu mama ni nani?

"Miye mutani wake. Akikufa, ni miye nitamuzika. Basi niache nijue kama nianze kunoa jembe."

Munganga aliuliza kuna kelele gani. Liévin hakupata Kifaransa cha mtani. Akasema ni dada wa mzee. Wakaingia.

Swali likawa lile lile, na jibu likawa lile lile, kifua mbele. Shida haina, ngufu iko. Liévin alikuwa amekwisha kufungua mdomo kugeuza, ndipo Mwansa akasimama katikati ya chumba, akavuta tumbo ndani, akatoa kidevu, akaweka mikono kando kama askari.

"Ngufu iko," alisema kwa sauti ya mzee mwenyewe. "Monsieur Liévin, geuza vizuri. Huyu Chui anatema damu mu majivu ya jikoni, na kuku banakula. Hata jogoo ya kwabo haiwike tena. Inakosola, inakohoa kama yeye."

Mzee alikaza midomo. Mishipa ya shingo ilimsimama. Lakini desturi ilimdai jibu, na mtu wa ukoo wa Chui hatoki chumbani na tusi la Mbuzi mgongoni. Alifungua mdomo kuanza habari ya ndevu za Mwansa, na kabla ndevu hazijatoka, kicheko kilimshinda. Alicheka. Nyuma ya kicheko kikaja kile alichokifungia tangu alfajiri. Kitambaa kilikuwa mfukoni na mkono haukuwahi kufika. Damu ilianguka juu ya sakafu nyeupe ya munganga.

Munganga akainua kichwa.

Mwansa hakutania tena. Kwa sauti ndogo alisema mengine, kwa mpango wake: jasho, mkanda, mtoto. Safari hii Liévin hakukata kitu. Munganga alisikiliza kifua upya, mbele na nyuma, na mzee akapumua kama anavyopumua kweli, kwa sababu sasa hakuna kilichobaki cha kuficha. Kisha munganga akasema kwa muda mrefu. Liévin akageuza, "Uende hospitali."

Mwansa aliketi kwenye kiti ambacho hakuna aliyempa.

"Alisema mingi. Weye umesema kidogo. Rudilia yote."

Liévin alitazama mlango, akamtazama munganga, akarudilia kwa hasira. Ugonjwa huu unaruka kutoka kifua mpaka kifua. Dawa yake iko, ni sindano, kwa miezi mingi, na hata mgonjwa akijiona mzima asiziache, maana zikikatwa ugonjwa unarudi na nguvu zaidi. Mtoto aletwe leo. Wasilale mkeka mmoja, wasinywee kikombe kimoja.

Ikabaki neno moja, na mzee alilisema mwenyewe, polepole.

"Na kisha? Ni Kasomeno?"

Liévin alianza kufungua mlango. Mwansa akamwambia ageuze. Akageuza. Munganga alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alisema yeye anatibu vifua. Habari ya nani anakaa mjini ni ya ofisi.

*

Mzee alichomwa sindano hospitalini mpaka mapaja yakawa magumu kama ubao, na Bijou akachomwa zake. Godefroid hakupewa nyumba ya matofali, na kwa muda mrefu alikula akimpa mke wake mgongo. Kisha mtoto akanenepa, akaanza kukimbiza kuku, na siku moja Godefroid akageuza kiti, akala akiangalia mbele.

Mzee alirudi mashavu yamejaa, na Mwansa alikwisha kumwambia ni nani aliyemtuma. Sindano zilizobaki angezifuata dispanseri, akitembea kwa miguu yake. Jioni ya kwanza alikaa uani. Virginie alikuwa jikoni akisonga bukari, ugali wetu, nyuma ya ukuta, na desturi ilikuwa bado desturi. Kwa hiyo mzee alimwambia jogoo.

"We jogoo, ambia mwenye hii jiko, nilimuwazia mubaya. Nilisema anataka mukeka. Kumbe alitaka miye nipone."

Mwiko uligonga chungu. Kisha sauti ya Virginie, nayo ikamjibu jogoo.

"Jogoo, ambia Baba bukari inapoa."

Laiti ningeweza kuishia hapa. Wewe ungefurahi, ungelala.

Ofisi ilimwita mzee kwa ajili ya karatasi yake ya kukaa mjini. Mwansa alikuwa Kasenga kwa samaki. Virginie alitamani kwenda, lakini mukamwana atembee na baba mkwe bega kwa bega mpaka kwa wazungu, watu waseme nini? Godefroid alisema ni karatasi tu, mzee amepona, na yeye hawezi kuomba ruhusa tena kazini kwa jambo dogo. Wote walidhani hatari ilikuwa kwa munganga, na kwa munganga walikwisha kushinda. Kwa munganga alikuwa ameingia na mtu. Ofisini aliingia peke yake.

Karani aliuliza swali moja. Je, mzee ana nguvu ya kazi?

Maisha yake yote Mumba alikuwa na jibu la swali hilo. Lakini alikuwa amefundishwa upya. Alikuwa ameona kwa macho yake kwamba uwongo ulikaribia kumuua na kumuulia mjukuu, na ukweli ukawaponya wote wawili. Akatanguliza neno kubwa, kama walivyomtengenezea.

"Ngufu haina tena," alisema. "Kifua changu kilioza. Banaendelea kunichoma sindano. Nimechoka."

Karani alimshukuru. Mhuri ukapigwa. Hakuna aliyesema wazi neno "sindano" maana yake nini, kwamba mtu huyu asikatiwe dawa, kwamba Kasomeno hakuna anayeitoa. Liévin alijua. Hakuna aliyemwita. Lori likamchukua na mkeka wake na kofia yake, na Bijou akalikimbilia mpaka kona.

Mwansa aliporudi na samaki akaambiwa, aliketi juu ya kikapu chake katikati ya soko, akalia. Mtani haruhusiwi kulia. Kazi yake ni kutania mpaka udongo ujae. Wanawake wa soko walimzunguka ili watu wasimwone.

Kabla ya msimu mwingine wa mvua habari ilifika. Kikohozi kilirudi, kama munganga alivyosema. Mzee alizikwa haraka na watu wasiomjua, bila Mbuzi hata mmoja wa kumtukana njiani.

Sasa wewe. Lile benchi, ulipita mbele yake juzi. Kuna mzee pale anayejipanga kusema haina shida, kwa sababu anaogopa gharama, au anaogopa wanawe, au anaogopa lori ambalo hata wewe hulijui. Usisubiri uwe mtoto wake. Mwansa alikuwa nani? Muuza samaki. Weka karatasi hii chini, uende. Keti karibu naye, muulize neno kubwa ni lipi, na mwambie alitangulize. Wakimwita, ingia naye. Wakikata maneno yake, usiinuke kwenye kiti mpaka warudilie yote. Uliza "na kisha," na wakikuambia kisha ni ya ofisi nyingine, mshike mkono uende naye mpaka hiyo ofisi, usimwachie mlangoni, usiseme ni karatasi tu.

Bado unasoma. Wanaita majina. Simama.